Kumwosha Aliyenizaa

Kerubo,

Barua hii usiifungue mbele ya watu. Ngoja ufike chumbani kwako huko Nairobi, ufunge mlango, ukae kitako. Habari za nauli, sanduku, na rafiki wabaya tumezisema mpaka nimeona unapiga miayo, na kwa hayo una akili kunishinda. Ninayotaka kukwambia ni yale ambayo siwezi kuyasema nikikutazama usoni.

Utashangaa kwamba nimekuandikia kwa Kiswahili, maana humu nyumbani hatusemi Kiswahili ila tukiwa na mgeni. Nilianza kwa Kiekegusii. Niliandika mstari mmoja nikaukata, nikaandika mwingine nikaukata pia. Kuandika habari za mwili wa mama yangu kwa lugha aliyonifundisha yeye mwenyewe, tena nikimwandikia binti yangu, mkono umekataa. Kiswahili nilifundishwa shuleni na mwalimu mwenye fimbo, na hakina undugu na mtu yeyote wa boma hili. Acha kibebe aibu hii.

Sasa ni alasiri ya Sabato. Wewe uko makambini, kwenye mkutano wa ibada na kanisa zima, wanakuombea safari ya kesho. Mimi nimebaki na nyanya yako. Kuna jambo limetokea hapa leo baada ya wewe kuondoka, na nitalifikia, lakini nipe nafasi nianze mbali kidogo, maana nikilianza moja kwa moja nitashindwa.

Kwanza, nilitaka usiende. Jana asubuhi ulipokuwa unapiga pasi ile sare nyeupe ya chuo nilikuwa nimesimama mlangoni na maneno tayari mdomoni: Kerubo, baki. Nilikuwa niko tayari kupiga magoti. Ukanigeukia ukaniuliza, "Baba, kola imekaa poa?" nikasema imekaa vizuri, nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye migomba mpaka moyo ukatulia. Mimi ni fundi wa nguo. Hata mtoto wangu akiniponyoka, bado nitatazama kola.

Nyinyi watoto wa siku hizi mnaitania chinsoni. Kwangu si mchezo. Siku nilipotoka jandoni niliambiwa kwamba kuanzia hapo chumba anacholala mama ni mpaka. Jikoni kwake nitaingia, nitakula, nitacheka naye, lakini lile pazia sitalivuka mpaka mmoja wetu afe. Mama yangu sijapata kumwona hata kichwa wazi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima yenye aibu ndani yake inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na nimeivaa muda mrefu kiasi kwamba sijui vifungo vyake viko wapi. Waswahili wana msemo kwamba mficha uchi hazai. Sisi Wakisii tumeuficha uchi na tumezaa tukajaza vilima vyote hivi.

Ila wazee walikuwa na akili. Walipotutenga na wazazi wetu, waliwaachia nyinyi wajukuu mlango wazi. Wewe na nyanya mnaitana wake wenza. Nikiwa nje nakusikia ukimwosha: "Mke mwenza, leo umenuka, mume wetu atakukimbia aje kwangu," naye anacheka mpaka anakohoa. Mama yako angekuwa hai angeifanya kazi hiyo, maana mkamwana hakatazwi. Mama yako hayupo. Kwa hiyo tangu nyanya aanze kusahau choo, maisha yake yote yamekaa katika mikono yako miwili, na kesho mikono hiyo inapanda gari kwenda kujifunza kuwatunza wazee wa watu wengine.

Sisemi hivyo kukulaumu. Nasema kwa sababu ndiyo hali yenyewe, na maji yamenifika shingoni.

Wewe unajua nilivyokuwa mwanzoni. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Kila asubuhi aliniuliza, "Baba yako ameenda wapi mapema hivi?" na kila asubuhi nilimjibu ukweli: mama, baba alikufa, tulimzika pale, kaburi si lile unaliona? Naye anaangua kilio kipya, kilio cha mtu aliyeletewa habari sasa hivi, majirani wanatoka kwenye mashamba ya chai wakidhani kuna msiba. Kesho yake tena. Nilijisifu moyoni kwamba mimi simdanganyi mama yangu. Halafu ukarudi kutoka yale mafunzo ya watunza wazee kule Mosocho, siku yako ya kwanza tu, ukanikuta katikati ya shughuli hiyo, ukaniambia, "Baba, kwani wewe unamzika babu kila siku? Huchoki?"

Nilikasirika. Mtoto hamwambii baba yake hivyo. Lakini ukakaa karibu na nyanya pale kwenye kigoda, ukamuuliza, "Huyo mzee unayemngoja, alikuwa anakuletea nini akitoka sokoni?" Akasema sukari nguru. Akaeleza alivyokuwa anaificha chini ya kofia watoto tusiione, na ikiyeyuka kwa jua inamtiririka shingoni. Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Alizungumza mpaka akasahau kwamba kuna mtu alikuwa anamngoja, akaomba uji. Nilikuwa nimemliza mama yangu mwaka mzima kwa ajili ya ukweli ambao hakuna aliyekuwa na haja nao.

Na ile siku ya barabarani. Hukuwepo, lakini watu wa Nyakoe walikuhadithia, najua, maana watu wa Nyakoe hawaachi kitu. Nyanya alikuwa amechukua kikapu chake anarudi kwao Nyamira, kwa baba yake na mama yake, ambao hata makaburi yao yamelimwa. Ilikuwa siku ya soko. Unajua mwanamke aliyeolewa akionekana na kikapu anarudi kwao watu wanasema nini: amefukuzwa. Na mzee kama yule, nani amfukuze kama si mwanawe? Sikuwaza kuhusu mama yangu hata kidogo. Niliwaza kuhusu jina langu. Nikamshika mkono nikamvuta, nikampigia kelele kwamba kwao ni hapa, hana kwao kwingine. Muuza ndizi mmoja akasimama akaniambia, "Wewe Ogeto, hata kama ni mama yako, sasa ndio unavuta yeye kama ng'ombe ya kuuza?"

Siku nyingine ulipomkuta wewe na kikapu hicho hicho, ulikipokea ukakibeba, ukatembea naye. Ukamuuliza nani atakuwa nyumbani, watapika nini, yule dada yake mkorofi ameolewa au bado. Mlipofika kwenye mkaratusi ukasema, "Mke mwenza, mvua inakuja, turudi tuchukue mwavuli." Mkarudi mnacheka. Nilikuwa nyuma yenu nawatazama, na niliona wivu, Kerubo. Wivu juu ya mama yangu. Wewe ulikuwa unaweza kwenda naye huko anakoishi sasa, na mimi mlango huo nilikuwa nausukuma kwa bega.

Sitasahau pia yale mahindi. Uliniambia mwalimu wenu huwafunza hivyo, na kwamba kama sitaki kuelewa kwa masikio nitaelewa kwa miguu. Ukanitia punje za mahindi ndani ya viatu, pamba masikioni, ukanivisha miwani uliyoipaka mafuta ya mgando, ukanifunga vidole viwili viwili kwa kitambaa. Halafu ukanipa shati langu mwenyewe na kuanza kunifokea: vaa, haraka, mbona unachelewa, hata kifungo kinakushinda? Mimi niliyeshona vifungo miaka yote pale sokoni Daraja Mbili, kifungo kimoja kilinishinda. Nilihisi hasira inapanda kutoka miguuni. Nilinyanyua mkono nikupige. Ukaukamata hewani ukasema taratibu, "Haya. Sasa si unajua kwa nini nyanya alinipiga kofi juzi?"

Nilikaa na viatu vile muda mrefu baada ya wewe kwenda kukata nyasi. Huyo mwalimu aliyekuchagua wewe kati ya wale wote akakutafutia nafasi ya chuo hakukosea. Aliponipigia simu alisema nafasi kama hiyo haiji mara mbili, na mimi nilijibu asante, asante, huku natazama pazia la nyanya yako.

Nikashona lile gauni. Hilo niliweza. Uliniambia wazee wa hivyo hawapendi kuinuliwa mikono, basi nikakata gauni lililo wazi mgongoni, lenye kamba za kufunga begani, livaliwe mtu akiwa amekaa. Nilichukua vipimo kwa gauni lake kuukuu, maana kumpima mwenyewe siwezi. Watu wa kanisani walilisifu. Mimi nilikuwa najua: nimemshonea mama yangu nguo ambayo sitathubutu kumvalisha.

Tena usidhani sijui gharama ya woga wangu. Ulipokwenda Nairobi kwa usaili, Mama Bosire wa jirani alikuwa ameahidi kuja kumwosha, akaitwa kwenye msiba wa kwao. Nikabaki mimi. Nilisimama nje ya pazia nikasema, "Mama, badilisha nguo." Nilisema hivyo kutwa, siku baada ya siku. Nilisukuma karai la maji ndani kwa mti wa ufagio, uso umegeukia ukutani, nikaweka na nguo safi. Kumbe hakujua tena karai ni la nini. Uliporudi ulimkuta na vidonda. Hukunisema. Ulimwosha kwa maji ya chumvi, na mimi nikiwa nje nikamsikia akilia kila ulipomgusa. Daktari wa zahanati ndiye aliyenisema. Alisema wazi kwamba vidonda vile vikirudi tena kwa umri huu, vitamwua kabla ugonjwa wa kusahau haujamwua. Tangu siku hiyo najua ninachokiogopa kina jina: kumwua mama yangu kwa heshima.

Nimejaribu, mwanangu. Yule msichana wa kazi alikaa kidogo akaondoka akisema nyanya ana mapepo. Ami yako wa Eldoret nimempigia. Anasema, "Ogeto, wewe tafuta mtu, mimi nitatuma kitu," halafu ananiuliza hali ya mpira. Shangazi yako naye akaniambia, "Hata mimi niko na mama ya bwana yangu hapa ananimaliza. Nitajikata mara mbili?" Sikumlaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ila wa dada yangu si usufi, namjua. Mama Bosire amesema atakuja akipata nafasi, na nafasi ya mwanamke mwenye chai na watoto unaijua. Usiku naomba. Naomba vibaya, Kerubo. Kuna siku nimeomba Mungu amchukue mama yangu mapema ili nisifike mahali nilipofika leo. Umeona baba yako alivyo.

Sasa nakuja kwa leo.

Mlipokwisha kuondoka nilimweka juani kwenye kiti chake. Alikuwa mtulivu, anang'oa nyuzi kwenye shuka. Halafu akainuka mwenyewe akaingia ndani, akapita pazia, nikasikia ameguna. Harufu ikanifikia. Tumbo lilikuwa limemharibikia, na si kidogo. Nikapiga simu yako, imezimwa. Ya Mama Bosire, imezimwa. Boma zima, kilima kizima, hakuna mtu, wote wako kwa Bwana. Nilisimama mbele ya lile pazia nikasema, "Mama, badilisha nguo," nikajisikia sauti yangu mwenyewe, na nikakumbuka vidonda.

Nikalivuka.

Nilikuwa na karai na lile gauni begani. Nilifanya ulivyofundishwa, maana nimekusikia mara nyingi. Nilimwambia kila ninalofanya kabla sijalifanya. Nilianza na miguu. Nilitazama ukuta, nikatazama maji, nikatazama mikono yangu. Alikubali. Unajua miezi hii yote ananiita mzee, au fundi, au haniiti kabisa. Kila siku nimeomba jina langu limtoke mdomoni mara moja tu kabla hajafa. Nilipofika kwenye magoti aliniinamia, akanitazama usoni kwa macho yale yake ya zamani, makali, yaliyokuwa yanahesabu watoto kabla ya chakula.

"Ogeto?"

Karai liliniponyoka. Furaha iliyonipanda siwezi kukueleza. Nikataka kusema naam, mama, ni mimi. Kisha nikaona uso wake. Alikuwa ameona niko wapi, na yeye yuko vipi. Akavuta lile gauni akajifunika mpaka kidevuni, akajibana kwenye pembe ya ukuta, akaanza kulia, si kilio cha mgonjwa, kilio cha mtu mwenye akili zake timamu.

"Ogeto mwanangu, toka. Toka nje. Nimekukosea nini?"

Amesahau mume wake amekufa. Amesahau karai. Chinsoni hakuisahau. Alikuwa anatetemeka, na maji yanapoa, na uchafu bado uko pale pale penye vidonda vya zamani. Ningeweza kutoka. Miguu yangu ilikuwa inataka. Ningeweza pia kumwambia ukweli, kwamba mtu mwingine hakuna, mama, nimebaki mimi. Nilipiga magoti pale pale kwenye maji.

Nikasema, "Umenifananisha, mama. Mimi si Ogeto. Mimi ni daktari."

Alinichunguza kuanzia nywele mpaka kidevu. Nilidhani amenikamata, kama alivyokuwa akinikamata nikiwa mtoto. Akauliza, "Ogeto yuko wapi?"

"Ameenda makambi."

"Sura zenu zinafanana."

"Watu husema hivyo."

Mikono yake ikalegea. Akaniachia gauni. Nikachota maji mapya, nikamwosha mwili mzima kama unavyomwosha wewe, mbele na nyuma, nikamkausha, nikampaka mafuta, nikamfunga kamba za begani. Nilikuwa nalia, lakini bila sauti, kwa sababu daktari halii. Zamani wazee wangedai mbuzi wa kusafisha mwiko kwa nilichofanya, na nadhani ningemtoa.

Nilipomlaza alinishika kwenye mkono wa shati. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka siri iishie hapo:

"Daktari. Mwanangu akirudi, usimwambie umeniona hivi. Yule mtoto ana heshima sana. Atakufa kwa aibu."

Nikamwambia sitamwambia.

Ndiyo hayo, Kerubo. Usirudi kwa sababu ya barua hii. Ukirudi nitakufungia lango. Ningekubakiza, siku moja ungekuja kumwosha kwa hasira, na mikono yenye hasira angeijua hata akiwa hajui jina lako. Lakini sitaki pia kukudanganya kwamba nimepona au kwamba nimeweza. Nimeweza leo. Kesho jioni utakuwa Nairobi na mimi nitakuwa mbele ya pazia lile lile, na sijui mtu ana nguvu ya kumkana mama yake mara ngapi, hasa akiwa amemwita kwa jina.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Mtakapofika kwenye somo la kuosha, inua mkono. Muulize mwalimu: kama aliyebaki kumwosha ni mtoto wake wa kumzaa, na mama bado anamtambua, mtoto huyo afanye nini? Mwambie si swali la mtihani. Mwambie ni Mkisii anayeuliza, hapo ataelewa au hataelewa. Akikujibu, nipigie saa hiyo hiyo, hata kama ni katikati ya darasa. Asipokuwa na jibu, nipigie vilevile.

Nasikia sauti zenu zinakaribia, mnashuka kutoka makambini mnaimba. Nitaikunja barua hii niiweke chini kabisa ya sanduku, chini ya sare. Nitakapokupokea, natumaini hutanitazama sana usoni.

Nyanya yako ameamka, anaita. Anamwita daktari.

Naenda.

Baba yako